Taa ya nanga kwenye mashua ndogo: haiwaki, inafifia, au inawaka na haionekani

Matatizo ya taa ya nanga ninayoletewa, kuanzia Shangani hapa Mtwara mpaka Mikindani na mara mojamoja kutoka Lindi, ni yaleyale. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, nikamalizia na ile ya nadra, ili usije ukavua mlingoti kumbe fyuzi ndiyo imekatika.

Kabla hujagusa waya wowote, fanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. Usiku, washa taa, ingia kwenye mtumbwi, jitenge na mashua yako kama mita 200, kisha uizunguke duara zima ukiwa umeketi. Usisimame, maana mvuvi anayekuja na kasia au tanga huwa ameketi. Taa ya nanga haikumulikii wewe. Ni ya mtu anayekuja gizani na hajui kama upo, kwa hiyo jicho la kuipima ni lake.

Sheria yenyewe si ngumu. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinataka chombo cha chini ya mita 50 kikitia nanga kionyeshe taa moja nyeupe, inayoonekana pande zote, mahali inapoonekana vizuri zaidi. Taa hiyo ionekane umbali wa maili 2 za baharini, yaani karibu kilomita 3.7. Chombo cha chini ya mita 7 kinasamehewa, lakini kwa sharti: kisiwe kwenye mlango mwembamba wala karibu nao, wala kwenye njia ya meli, wala kwenye maegesho, wala mahali vyombo vingine hupita. Sasa niambie ni wapi ndani ya ghuba ya Mtwara pasipopita chombo. Meli zinaingia kwa mlango mwembamba kufuata korosho na makaa ya mawe, kivuko cha Msangamkuu kinakwenda na kurudi, na ngalawa zinatoka alfajiri. Lindi nako kuna kivuko cha Kitunda. Msamaha huo usiutegemee.

Taa inawaka vizuri, lakini vyombo vinakuja juu yako

Naanza na hili kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote. Taa ikizima utajua. Isipoonekana hutajua mpaka ugongwe.

Sababu ya kwanza ni kivuli. Umefunga taa ubavuni mwa mlingoti, na mlingoti wenyewe unaficha upande mmoja. Au umeshusha foromali (mti unaobeba tanga) ukaiacha nusu, tanga limening'inia mbele ya taa. Au umetandika turubai la kulalia na taa iko chini yake. Mashua iliyotia nanga hugeuka na maji: maji yakijaa inatazama huku, yakitoka inatazama kule, kwa hiyo upande uliofichwa hautabaki kuelekea ufukweni usiku kucha. Ukizunguka na mtumbwi, hesabu mara ngapi taa inapotea. Jibu linalokubalika ni sifuri. Isogeze taa nje ya mlingoti, ining'inize kwa kijikamba cha peke yake kati ya mlingoti na omo (mbele ya chombo), na uifunge kamba nyingine chini ili isizunguke kwa upepo.

Sababu ya pili ni urefu, na hapa wengi hunibishia. Wanasema taa ikiwa juu zaidi ndiyo bora. Kwa meli inayokuja kutoka mbali, sawa. Kwa ngalawa iliyo mita 30 kutoka kwako, sivyo. Usiku mmoja Mikindani ngalawa ilitukwaruza ubavu, na taa yetu ilikuwa inawaka kileleni. Nahodha wake aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Kaka, taa nimeiona, nikadhani nyota." Hakusema uongo. Mtu anayeendesha chombo kidogo hutazama mbele, usawa wa maji, hainui shingo. Tena taa nyingi za LED za kileleni hurusha mwanga kama sahani bapa kuelekea upeo wa bahari, kwa hiyo aliye karibu anakuwa chini ya mwanga. Kwa mashua za kwetu, taa iliyoning'inia mita 2 hadi 3 juu ya sitaha ndiyo ninayoipendekeza. Inamulika kidogo hata mbao za mashua yako, na mtu anaona kuwa pale pana mashua. Kama una taa ya kileleni tayari, iache, lakini ongeza kitu kinachong'aa chini: kitambaa cheupe kwenye shetri (nyuma ya chombo), au utepe unaoakisi mwanga kwenye mbao za pembeni. Utepe huo huuzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari.

Sababu ya tatu ni mwanga ulio nyuma yako. Ukitia nanga mbele ya taa za bandari, au mbele ya mji wa Lindi ukiangaliwa kutoka Kitunda, nukta yako nyeupe inapotea kati ya nukta nyeupe nyingine. Usiku wa giza la mwezi, wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao kali, taa yako ndogo iliyo karibu nao haionekani kabisa. Dawa si kununua taa kali zaidi. Kanuni zinataka kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) 4.3 tu kwa maili 2, na hata taa ndogo ya LED iliyotengenezwa kwa boti inafikisha. Sogeza nanga. Chagua sehemu ambayo nyuma yako, ukitazamwa kutoka njia ya vyombo, pana mikoko au giza.

La mwisho ni rangi na kupepesa. Kuna taa za mapambo za pikipiki zinazogeuka bluu, nyekundu na kijani, na nimeziona kwenye mashua. Nyekundu na kijani baharini zina maana yake: mtu atadhani unatembea na unamwelekea. Inayopepesa inaweza kudhaniwa boya. Iwe nyeupe, itulie.

Haiwaki kabisa

Anza na vitu visivyotaka bisibisi. Je, swichi kuu ya betri imewashwa? Je, kitu kingine kwenye betri hiyohiyo kinafanya kazi? Kama hakuna kinachowaka, tatizo ni betri au vichwa vyake. Kama vingine vinawaka, tatizo liko kwenye njia ya taa hiyo peke yake.

Kinachofuata ni fyuzi. Itoe, itazame, na hata kama inaonekana nzima jaribu nyingine, kwa sababu chumvi hula miguu ya fyuzi bila kukata uzi wake. Kwa balbu ya wati 10 kwenye volti 12, fyuzi ya ampea 3 inatosha. Kwa LED ndogo, ampea 2. Usiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi inalinda waya usishike moto, na mashua yako ni ya mbao. Fyuzi mpya ikikatika mara moja, usiweke ya tatu wala kubwa zaidi. Kuna shoti mahali, na hapo acha, mwite fundi.

Halafu holda ya balbu. Fungua kifuniko. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, umeshapata. Zima umeme, sugua kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae, futa, paka grisi kidogo kuzunguka, rudisha. Wengine hutumia limau, nalo linafanya kazi, ila lazima usuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na ukaushe, la sivyo tindikali yake itaendelea kula. Tatizo hili hujaa mlangoni kwangu kila mvua za mwanzo zinapopiga, Novemba na Desemba, kwa sababu maji hushuka na waya mpaka ndani ya holda. Waya uache ufanye tumbo chini ya holda kabla haujapanda, maji yadondokee pale.

Kama umetoka kubadilisha balbu ya kawaida ukaweka LED na haiwaki, badilisha chanya na hasi kwanza. Balbu ya kawaida haijali upande; LED nyingi zinajali.

Bado kimya? Chukua mita, weka kwenye volti za DC, pima kwenye betri, kisha kwenye fyuzi, kisha kwenye swichi, kisha kwenye holda. Mahali volti zinapopotea ndipo penye ugonjwa. Mita ya bei ya chini inatosha kabisa kwa kazi hii, na itakuokolea siku nzima ya kukisia.

Kama kwenye sitaha volti zipo na kileleni hazipo, waya wa ndani ya mlingoti umekatika au umeoza. Usipande mlingoti wa chombo kidogo kilichoko majini. Uzito wako juu unaweza kukilaza. Subiri maji yatoke, mashua ikae mchangani ikiwa imeegemezwa vizuri, mlingoti uteremshwe.

Inawaka jioni, saa 8 usiku imezima

Hapa karibu kila mara ni hesabu ya betri, na hesabu hiyo watu hawaifanyi.

Usiku wetu wa kusini ni karibu saa 12 mwaka mzima. Balbu ya wati 10 inavuta kama ampea 0.8, kwa hiyo mpaka asubuhi imekula ampea-saa 10 (ampea-saa ni kipimo cha umeme unaobebwa na betri). Betri ya bodaboda ya ampea-saa 7 haiwezi, hata iwe mpya imetoka dukani leo. Taa ya LED ya wati 2 inakula ampea-saa 2 tu kwa usiku huohuo, na betri ileile inalala na kuamka bila shida. Ndiyo sababu mtu akiniuliza anunue nini, simjibu kwa jina la taa. Namwuliza ana betri gani.

Sababu inayofuata ni simu. Kujaza simu moja ya kisasa kutoka sifuri kunakula karibu sawa na usiku mzima wa taa ya LED. Mabaharia watatu, simu tatu, na saa 8 mko gizani. Nimewashauri wengi watenganishe: betri ndogo ya taa peke yake, isiguswe na mtu.

Kisha sola. Paneli ya wati 10 siku ya jua zuri inarudisha kama ampea-saa 2.5 hadi 3, ikiwa hakuna kivuli cha tanga juu yake na haina chumvi. Kivuli cha kamba moja tu kinaweza kupunguza sana. Ifute kwa maji baridi kila asubuhi. Wakati wa kusi mawingu yakikaa siku tatu, wati 10 hazitoshi, weka 20.

Ukishaondoa hayo, shuku uzee wa betri. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya hapo unaiua polepole. Lakini betri iliyochoka inadanganya: mchana inasoma 12.6, ukiwasha taa kwa muda wa saa moja inaanguka kwenye 11. Ipime ikiwa na mzigo, usiiamini ikiwa imelala.

Taa za sola za bustani, zile zenye paneli kichwani, zimeingia sana kwenye mashua kwa sababu ni bei nafuu. Nyingi zinaanza kwa nguvu na kufifia kabla ya usiku wa manane, na maji ya chumvi huzimaliza ndani ya miezi michache. Naziona zinafaa kuwa za ziada, kuonyesha tezi (nyuma) au omo. Zisiwe ndizo taa ya nanga.

Acha kabisa, usichaji, ukiona betri imevimba, inachemka kwa mguso, au inatoa harufu ya yai bovu. Betri ya asidi inayochajiwa kupita kiasi hutoa gesi inayolipuka kwa cheche moja. Ya lithiamu iliyovimba itoe chomboni, iweke mahali wazi mbali na mbao na petroli, na mwite anayezijua.

Mwanga ni hafifu, wa njano

Kwanza osha kioo. Sikutanii: chumvi na masizi hutosha kukitia ukungu, na plastiki iliyopigwa jua miaka miwili hugeuka njano. Hiyo haioshwi, inabadilishwa.

Pili pima volti kwenye betri na kwenye holda taa ikiwa inawaka. Betri 12.5 na holda 11.3 maana yake volti zaidi ya moja zimeliwa njiani, na balbu ya uzi ikipungukiwa volti kwa asilimia 10 hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Mwizi huwa ni kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu. Kikate, unganisha upya kwa kubana na kichwa cha waya, funika na mpira unaosinyaa kwa joto. Ukimenya waya ukakuta shaba nyeusi, endelea kukata mpaka uone inayong'aa. Ukikata kama sentimita 30 na bado nyeusi, waya wote umeoza, badilisha. Tafuta waya wa shaba uliopakwa bati. Ni ghali zaidi, lakini wa nyumbani kwenye chumvi yetu haudumu.

Inapepesa mashua ikiyumba

Karibu kila mara ni springi ya holda iliyolegea au kichwa cha betri kisichokazwa. Tikisa kimoja kimoja kwa mkono huku mwenzako akitazama taa. Kikipatikana, kaza, safisha, paka grisi. Kama inapepesa hata maji yakiwa shwari, rudi kwenye volti: taa nyingi za LED hupepesa betri inapokaribia kuisha.

Balbu zinaungua kila wiki

Pima volti mashine ikiwa inachaji. Kati ya 13.8 na 14.4 ni sawa. Zikipanda 15 na zaidi, kidhibiti cha chaji hakipo au kimekufa, na si balbu tu zitakazoungua, betri nayo inachemka. Hilo ni la fundi wa mashine.

Redio inakoroma taa ikiwashwa

Wenye redio ya VHF (ya mawasiliano baharini) tu ndio watalikuta hili, na ni zito, kwa sababu unaweza usisikie unapoitwa kwenye chaneli 16, ile ya kuitana na ya dharura. Baadhi ya taa za LED hutoa kelele ya umeme. Mwaka 2018 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hilo. Zima taa, sikiliza, washa, sikiliza. Tofauti ikiwapo, tenganisha waya wa taa na waya wa antena. Isiposaidia, badilisha taa.

Mambo ambayo usiyaguse mwenyewe

Ukisikia harufu ya petroli ndani ya ngama (chini kabisa ndani ya chombo), usiguse swichi, kuwasha wala kuzima. Fungua kila kitu, toa hewa, kausha, ndipo ushike umeme. Na kama chombo chako kina inveta inayotoa volti 230, waya wake usiufungue kwa kujifunza. Volti 12 zitakusamehe. Hizo, kwenye miguu iliyolowa, hazisamehi.

Imezima saa 8 usiku na huwezi kuitengeneza

Chukua tochi nyeupe, iingize mdomoni mwa kidumu cha plastiki nyeupe kilichooshwa na kukauka, kisiwe kilichowahi kubeba petroli. Kidumu chote kinawaka kama fanusi na kinaonekana pande zote. Kining'inize palepale taa ilipokuwa. Weka mtu macho kwa zamu, na awe na tochi ya pili mkononi. Chombo kikija, amulike tanga au ubavu wa mashua yenu, asimmulike mwenzake machoni akampofusha. Karabai au chemli itafaa pia, ilimradi iwe mbali na tangi la mafuta na isiachwe bila mtu. Kama uko kwenye njia ya kivuko au mlangoni mwa bandari, usisubiri asubuhi. Ng'oa nanga taratibu, sogea pembeni kwenye maji madogo, ila kumbuka maji ya bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hapa hushuka zaidi ya mita 3 na unaweza kuamka umekaa juu ya mwamba.

Kisha andika saa ambayo taa ilizima, na kama ilififia kwanza au ilikatika ghafla. Hilo ndilo swali la kwanza nitakalokuuliza ukiniletea.